Karamu Zitabaki Shuleni

Kwetu Karagwe herufi L na herufi R zimezaliwa tumbo moja, na hakuna aliyejisumbua kuzitofautisha. Mtu anakura ugari, anarara mapema, na siku ya uchaguzi anakwenda kupiga kula. Mimi ni Mnyambo, nimekulia humo humo, lakini kwa kuwa siku hizi naitwa mwalimu, nimejipa kazi ya kuwacheka wenzangu. Darasani kwangu, Kidato cha Pili, hakuna aliyepona.

"Mwarimu, nimesahau karamu," aliniambia siku moja Benadeta, binti wa dawati la mbele ambaye huuliza maswali hata siku ya kufunga shule.

"Karamu? Umetuandalia sisi wote, au ni ya ukoo tu?"

Darasa likaangua kicheko. Benadeta hakucheka. Alinitazama kama mtu anayeweka kitu stoo, akijua ipo siku atakihitaji.

"Ka-la-mu," akasema.

"Hiyo ninayo," nikamwazima.

Somo langu ni Historia ya Tanzania na Maadili, na shule yetu ni ya kata, imekaa juu ya bonde, si mbali na Nyaishozi. Ualimu nimeufikia kwa kuchelewa. Nimezaliwa Kibingo, nimebeba magunia ya kahawa, kisha miaka sita nikachimba bati katika milima ya Kyerwa. Udongo ulinifukia mara mbili. Mara ya pili ulinibana hadi kifuani, na wakati wenzangu wananifukua sikuwa na la kufanya ila kutazama kijito tulichokuwa tunaoshea madini. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Nikajiuliza: hiki kijito kilikuwaje kabla hatujafika sisi? Hilo ndilo swali langu la kwanza la historia, na nililiuliza nikiwa nusu kaburini. Nilipotoka nikaanza kusoma. Mtihani nilifanya kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikaanguka, nikarudia, nikapita kwa kusota. Siku napata ajira nilikuwa na miaka thelathini na sita na mvi mbili, ambazo wanafunzi wamezipa majina.

Basi mada ikigusa mazingira, mimi kitabuni sikai. Mwaka jana niliwapeleka wanafunzi bondeni kuiona chemchemi iliyokauka. Siku hiyo hiyo, bila taarifa, akaja mthibiti ubora wa shule, Madam Mackrine, mama wa Muleba, mpole wa sauti na mkali wa maandishi. Alikuta darasa tupu, na ubaoni nilikuwa nimeandika kwa mzaha, "Tumekwenda kuaga marehemu." Hakucheka. Aliandika: "Mwalimu hana zana, hana mpango, na hana darasa."

Mwezi wa tatu mwaka huu, mkuu wa shule, Mwalimu Rwegasira, akaniita ofisini na kufunga mlango. Rwegasira akifunga mlango ujue mambo yameharibika, maana mlango ule una bawaba moja na unataka ubembelezwe.

"Deo, Madam Mackrine anarudi Jumatano. Anakuja kwa ajili ya kipindi chako. Akiandika tena kama mwaka jana, somo nampa Madam Renatha. Wewe utabaki na michezo na bustani."

"Bustani nayo ni mazingira, mkuu."

"Sitanii."

Kweli hakuwa anatania. Na ananipenda, ndiyo maana ilinichoma. Utani ninao mwingi, lakini hapa niseme wazi: magunia yalipita, migodi ilipita, na kipindi kile ndicho kitu pekee nilichokishika maishani bila kuniponyoka. Nikinyang'anywa hicho, nitabaki mzee wa mvi mbili anayehesabu mipira.

Nikakaa nikapanga somo, safari hii la ndani ya darasa, lenye mpango na zana. Nitawaita wazee kumi na mmoja. Kwenye karatasi za manila watachora bonde letu lilivyokuwa ujanani mwao, wanafunzi watachora bonde la leo, halafu tulinganishe. Kalamu ndizo zilizokosekana. Za wanafunzi zimetafunwa nusu, na za shule ni hadithi nyingine. Jumamosi, katikati ya kusahihisha madaftari sitini, nikaandika tangazo kwenye kipande cha karatasi: wazee waje Jumatano saa nne, kila mmoja na kalamu yake, na baada ya somo kalamu zitabaki shuleni kwa matumizi ya wanafunzi. Nikampa katekista wetu, Novatus, alisome kanisani Jumapili. Mimi Jumapili nikaenda Kibingo kumjulia hali mama.

Jumatano saa tatu na nusu nikachungulia dirishani. Wazee walikuwa wanapanda kilima kwa mstari. Mbele Bibi Kemilembe, chungu kichwani, kimefunikwa kwa majani ya migomba. Nyuma yake Mzee Cleophace na kapu. Mzee Mbonimpa na kibuyu. Mama Sperancia na sufuria inayofuka moshi. Nikahesabu: vyungu, makapu na masufuria, jumla kumi na moja. Kalamu, sifuri.

Nikatoka mbio.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nipokee kwanza, shingo imeniisha."

"Bibi, hiki ni nini?"

"Si karamu uliyoitaka? Waitu, tangu nizaliwe sijaona mtu anaalika watu halafu anawaambia waje na chakula chao, na kitakachobaki wasirudi nacho! Lakini nikasema, mwalimu huyu tunamjua, mambo yake ndivyo yalivyo, tumwendee tu."

Nikamwona Novatus anahema nyuma ya mstari. Nikamkamata mkono. "Katekista, umewasomea nini hawa watu?"

Akatoa kitabu chake cha sala, na ndani yake ile karatasi. "Nimesoma ulichoandika. Soma mwenyewe."

Nikasoma. Mwandiko wangu, wino wangu. *Kila mzee aje na karamu yake. Baada ya somo karamu zitabaki shuleni kwa matumizi ya wanafunzi.* R mbili, zimesimama wima kama askari wa zamu. Na nina hakika hata ningekuwepo kanisani nisingeshtuka, maana masikio yangu nayo ni ya hapa hapa.

Nikasikia mtu anapumua begani kwangu. Benadeta alikuwa ameshasoma.

"Mwalimu," alisema polepole, kila herufi mahali pake, "umetuandalia sisi wote, au ni ya ukoo tu?"

Kidato cha Pili kizima kikalala chini kwa kicheko. Nilistahili. Alikuwa amefungua stoo.

Rwegasira akatoka ofisini, akatazama vyungu, akanitazama mimi. "Deo, hii ni harusi au msiba?"

"Ni zana, mkuu."

"Zana?"

"Za kufundishia."

Sijui neno lile lilitoka wapi. Sikupata nafasi ya kulifikiria, kwa sababu gari la halmashauri lilikuwa linaingia getini, na Madam Mackrine ameshika fomu zake mapajani.

Nilitaka vyungu vibaki barazani. Bibi Kemilembe akakataa kabisa. "Mbwa wa hapa siwajui." Basi vikaingia vyote. Madam akakaa dawati la nyuma, akafungua fomu, akatoa kalamu yake, kalamu pekee ya maana katika chumba kile. Mimi nikasimama mbele na chaki, na harufu ya ndizi za Mama Sperancia ikizunguka darasa zima kama mgeni rasmi.

Nikajaribu kuokoa kilichobaki cha mpango wangu. "Mzee Cleophace, karibu ubaoni utuchoree bonde lilivyokuwa."

Mzee akaipokea chaki, akaigeuza geuza. "Mwanangu, mkono huu unajua jembe. Kuchora haujui." Akanirudishia.

Nikamtazama Mzee Mbonimpa. Mzee Mbonimpa akatazama dari.

Kule nyuma kalamu ya Madam ikaanza kukwaruza. Nilimwona Rwegasira mlangoni akikuna shingo, na nikajiona mimi mwenyewe nikiwa na filimbi, nahesabu mipira.

"Bibi," sauti ya Benadeta ikapanda, "huo uyoga umeutoa wapi?"

Hakuwa ananiokoa. Jani la mgomba lilikuwa limefunguka, ameuona uyoga, na yeye akiona kitu lazima aulize.

"Pale chini, karibu na kijito," Bibi Kemilembe akajibu, na akanyoosha kidole sakafuni, kana kwamba bonde lilikuwa limelala pale katikati ya madawati.

Na kweli lilikuwa limelala pale. Mimi nilikuwa silioni.

"Sogezeni madawati," nikasema. "Benadeta, leta ile kamba yenu ya kurukia."

Nikaitandaza kamba sakafuni, kutoka ukuta hadi ukuta. "Hiki ni kijito. Dirisha lile ni kilima cha kanisa. Mlango ni barabara ya kwenda Nyaishozi. Wazee wangu, kila mmoja aweke chakula chake pale kilipokuwa kinapatikana mlipokuwa na umri wa hawa watoto."

Walisitasita kidogo. Kisha Mzee Cleophace akaweka kapu lake juu ya kamba kabisa. "Kambare. Tulikuwa tunawakamata hapa kwa vikapu, maji yakipungua. Wanawake wanatangulia wanakoroga tope, sisi tunafuata."

"Nyie mlikuwa mnakaa kando mnaelekeza," akasema Bibi Kemilembe.

Mzee Mbonimpa akaweka kibuyu cha asali chini ya dirisha. "Msitu ulikuwa hapa. Mizinga yangu saba." Mwingine akaweka njugu mawe, mwingine maharage. Mama Sperancia akaweka sufuria ya enchoncho, zile ndizi nono za kupika, katika kona ya vibanja, yale mashamba ya migomba. Mwingine viazi vikuu, mwingine mboga za porini zilizoota kwenye rweya, yale malisho ya wazi ambayo leo yamegawanywa yote. Bibi Kemilembe akaweka chungu chake kando ya kamba, akakaa karibu nacho kama mlinzi. Wanafunzi walikuwa wamepanda juu ya madawati ili waone. Bonde lilijaa. Ungepita ungelazimika kuruka.

"Sawa," nikasema. "Sasa niambieni ukweli. Chakula hiki cha leo, leo hii, mmekitoa wapi? Kilichotoka mbali kitoke nje ya mlango."

Mzee Cleophace akajikuna kidevu. "Hawa kambare nimenunua sokoni Nyaishozi. Wanaletwa kwa lori kutoka ziwani."

"Nje, mzee."

Akalinyanyua kapu, akalipeleka mlangoni.

"Asali, Mzee Mbonimpa?"

"Kibuyu ni cha baba yangu," akasema kwa heshima. "Asali ni ya Kibondo. Nimenunua dukani."

"Kibuyu kibaki, asali itoke."

Watoto wakacheka, mzee akacheka, akakitoa kibuyu na asali yake. Njugu mawe nje. Viazi vikuu nje. Mboga za porini, yule mama alikiri kwa aibu, zilikuwa mchicha wa dukani, nje. Enchoncho zikabaki. Mama Sperancia alieleza jinsi mnyauko ulivyomaliza migomba yake yote, akaing'oa na kuichoma huku analia, akaanza upya na miche safi. Chakula kimoja kimoja, vikatoka vyote hadi sakafuni vikabaki vitatu tu: ndizi, maharage, na uyoga. Na kamba.

Wanafunzi sitini wakanyamaza bila kuambiwa. Miaka yangu yote ya ualimu sijawahi kupata kimya kile kwa kupiga kelele.

"Nani alilikausha bonde?" Benadeta akauliza.

Mzee Cleophace alikuwa bado mlangoni na kapu lake, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

"Mimi," akasema. "Mimi na wenzangu. Tulipanda mikaratusi pale majini. Tuliambiwa ni mti wa maendeleo, miaka michache tu unauza nguzo. Nikapanda mia nne. Nikapongezwa mbele ya watu, nikapewa na fulana. Mti ule unakunywa, wanangu. Unakunywa kuliko nilivyokunywa mimi ujanani, na mimi angalau nilikuwa naacha kidogo kwa ajili ya kesho." Hakuna aliyejua kama acheke. "Fulana ilishachanika. Maji hayajarudi."

Nikasema, kwa sababu isingekuwa haki kumwacha peke yake mlangoni, "Mimi nilichimba bati Kyerwa. Kuna kijito kule, nikipita nageuza uso."

Kalamu ya Madam ilikuwa inakwaruza tena, haraka kuliko mwanzo. Sikuthubutu kugeuka.

Nikajikuta namtazama Bibi Kemilembe. Hakuwa amesogea. Nikadhani hakuelewa mchezo.

"Bibi, na wewe utuambie. Uyoga huu umeununua wapi?"

"Ninunue uyoga? Mimi?" Alikasirika kweli. "Nimeuokota juzi. Kwa mikono hii. Palepale nilipoweka chungu."

"Pale pana mikaratusi, bibi."

"Palikuwa na mikaratusi. Huyu mzee hapo mlangoni hajisemi. Mwaka wa tatu huu tangu alipokata safu yote ya chini, na kila visiki vikichipua anarudi na panga. Zilianza kurudi nyasi. Mwaka jana tope. Mvua za mwezi huu, uyoga." Akakigonga chungu kwa kiganja. "Changu hakitoki."

Mzee Cleophace akalitua kapu chini. "Umeota?"

"Umeota."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungekuwa unatembea badala ya kukumbatia redio ungeuona mwenyewe."

Mzee akaingia ndani. Alikivuka kizingiti cha mlango kama mtu anayerudi kwake, akainama juu ya chungu, akanusa, na akabaki ameinama muda mrefu. Benadeta akachukua kipande cha chaki na kuandika sakafuni, kando ya kamba: UYOGA, MWEZI WA TATU. Halafu akaandika pembeni: CLEOPHACE, MIKARATUSI 400. Akafikiri, akaongeza chini yake: AMEKATA SAFU YA CHINI. Mzee akamwomba amsomee. Akamsomea. "Acha hivyo hivyo," akasema.

Kengele ikalia. Tukala. Vilivyokuwa nje vikaingia ndani, kambare wa lori na asali ya Kibondo, kwa kuwa tumbo halina ramani. Madam Mackrine alikula uyoga kwa vidole, hakusema kitu zaidi ya "Asante, mama," na baada ya kunawa akaniita ofisini.

Rwegasira alifunga mlango. Bawaba ikalia. Nikakaa mbele ya meza, mikono katikati ya magoti, kama nilivyokaa siku ya usaili.

"Mwalimu Deodatus," Madam alisema kwa ile sauti ya upole inayotisha, "kwenye andalio lako la somo umeandika: zana, kalamu kumi na moja. Sikuona hata moja."

"Ni kweli, Madam."

"Niandike nini?"

Nilikuwa na mizaha kama minne tayari. Yote nikaimeza. "Andika kwamba nilikosea herufi moja, Madam. Niliandika karamu."

Rwegasira akatazama dari. Madam akaigeuza fomu ili niisome. Ilikuwa imejaa, pande zote, hadi pembeni: maneno ya Cleophace, ya Mama Sperancia, kibuyu kibaki asali itoke, yote. Ndicho alichokuwa anakwaruza muda wote ule. Kwenye sehemu ya zana alikuwa ameandika: "Zilitosha, zilitumika zote, na hakuna iliyobaki." Na chini kabisa: "Mwalimu aendelee na somo hili."

Nikaisoma sentensi ile ya mwisho mara tatu. Mara ya tatu herufi zilikuwa zinaogelea. Mara ya mwisho kuvuta pumzi kama ile ni siku walipoutoa udongo kifuani kwangu, na nadhani sauti niliyoitoa ilikuwa ileile, maana Rwegasira alinisogezea glasi ya maji.

"Imebaki sahihi yangu tu," Madam akasema. Akajaribu kalamu yake pembeni ya karatasi, mara moja, mara mbili. Ilikuwa imekauka. "Nimeandika mpaka wino umekwisha. Mwalimu, una karamu hapo?"

Rwegasira aligeukia dirishani, mabega yanamtikisika. Uso wa Madam ulikuwa mkavu kama ubao uliofutwa. Huyu ni mama wa Muleba, nyumbani kwao nao L na R wanalala kitanda kimoja. Basi hadi leo sijui kama aliteleza au alinitania.

Nikatoa kalamu mfukoni mwa shati, nikaifungua kifuniko, nikamkabidhi kwa mikono miwili.

"Ninayo, Madam," nikasema. "Itabaki kwako."